Mtoto Kaingia Timu ya Chia: Mwongozo kwa Mzazi Mgeni

Kama umekulia Tanzania na umewahi kutazama halaiki siku ya sherehe za Uhuru, nusu ya kazi ya kuuelewa mchezo huu umeshaimaliza. Unawakumbuka wale watoto walivyokuwa wanageuka kwa pamoja, mmoja akichelewa hatua uwanja mzima unamwona. Sasa chukua ishirini kati yao, wengine wapandishe juu ya viganja vya wenzao, wape muziki wa kasi na dakika mbili na nusu, kisha uweke majaji mezani. Hiyo ndiyo chia, yaani cheerleading, mchezo wa ushangiliaji wa Kimarekani.

Naandika nikiwa kitongoji kimoja cha Dallas, jimbo la Texas, na huu ni mwaka wa nne binti yangu yumo. Kila ikifika mwezi wa tano simu yangu haipoi. Leo Mtanzania, kesho Mkenya, keshokutwa dada wa Kikongo wa Fort Worth: "Dada, mtoto amechaguliwa, nimepewa karatasi ya malipo kurasa nne, hivi hiki ni kitu gani?" Nimechoka kurudia kwa sauti za WhatsApp, nimeamua kuandika.

Hatua ya kwanza: jua ni chia ipi

Neno ni moja, vitu ni vitatu. Ipo ya shule: watoto wanasimama kando ya uwanja wa mpira wa Kimarekani Ijumaa usiku wakichangamsha mashabiki, na baadhi ya shule huenda mashindanoni pia. Ipo ya mtaa, msimu wake mfupi na bei yake nafuu. Ya tatu ni ya jimu, yaani ukumbi wa mazoezi wa kulipia, wenyewe huiita olstaa (all-star). Hii haimshangilii mtu yeyote. Ukimuuliza mtoto "mnashangilia timu gani?" atakucheka, maana timu ni wao wenyewe. Wanafanya mazoezi mwaka mzima ili wakashindane. Ninayoyaandika hapa ni ya hiyo ya tatu.

Na kama baba yake ananuna kwamba huu ni mchezo wa kike, hasa pale mwenye kutaka kujiunga ni mtoto wa kiume, mpe historia kidogo. Anayehesabiwa kuwa kiongozi wa kwanza wa ushangiliaji ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Johnny Campbell, tarehe 2 Novemba 1898. Wanawake waliingia miaka ya 1920. Rais Eisenhower alishangilia akiwa chuo cha jeshi cha West Point, na George W. Bush alikuwa kiongozi wa washangiliaji shuleni kwake. Aliyeugeuza kuwa mchezo wa kufundishwa kambini ni mwanamume wa hapahapa Texas, Lawrence Herkimer, ambaye mwaka 1948 alifungua kambi ya kwanza mjini Huntsville. Mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua rasmi shirikisho la dunia la mchezo huu. Baba akishasikia habari za marais, kwa kawaida hutulia.

Hatua ya pili: elewa stanti kabla ya kitu kingine

Onyesho lina vipande vyake: stanti (kumpandisha mwenzao juu na kumshikilia), piramidi, kurusha mtoto hewani na kumdaka, sarakasi za sakafuni, miruko, na dansi ya kumalizia. Usijaribu kuvielewa vyote siku moja. Elewa stanti, mengine yatajieleza.

Stanti ya kawaida ni ya watoto wanne. Anayepandishwa juu anaitwa flaya. Chini yake wapo mabesi wawili wanaotazamana, kila mmoja na mguu wake au wote wawili wakigawana mguu mmoja. Nyuma yao anasimama bakispoti, mara nyingi mrefu kuliko wote, ameshika vifundo vya miguu ya flaya, anavuta uzito kwenda juu, na macho yake hayamtoki yule aliye juu. Mara nyingine huwekwa wa tano mbele.

Mwaka wa kwanza nilikaa nyuma ya kile kioo cha dirisha ambapo wazazi hutazama mazoezi, nikaona mwanangu kafanywa besi. Roho iliniuma. Mtoto wangu ndiye wa kubeba wenzake? Nikamfuata kocha baada ya mazoezi, maneno yangu nimeyapanga kabisa. Yule dada wala hakubishana. Aliokota kiatu kimoja cheupe pale chini, akakiweka kwenye viganja vyangu, akanipanga vidole: mkono huu chini ya kisigino, huu chini ya vidole vya mguu. Akaniambia nikiinue hadi juu ya kichwa na nisikunje viwiko. Kisha akakikandamiza kwa mkono wake mmoja, wala si kwa nguvu. Viwiko vyangu vilikunjika palepale, kiatu kikanishukia puani.

"Flaya ana kilo thelathini na nne," akasema. "Besi akikunja viwiko hivyo, flaya anayumba, na bakispoti ndiye anayebaki kuokoa kichwa na shingo. Katika kundi hili mwanao ndiye hakunji."

Nikarudi kwenye kiti changu. Toka siku ile, kwenye mashindano sitazami juu. Natazama viwiko.

Na wewe fanya hivyo. Wazazi wageni macho yote huyapeleka kwa flaya kwa sababu ndiye anayetabasamu na kunyoosha mguu sikioni. Mtazame bakispoti. Ukikaa karibu utamsikia, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayehesabu: moja mbili wanachuchumaa, tatu nne wanasukuma. Kila kitu kwenye mchezo huu huenda kwa nane. Nyumbani kwangu chapati zinasukumwa kwa nane sasa, na mtoto akishuka ngazi nasikia anahesabu.

Jambo la kukaa nalo kichwani ni kwamba stanti haina benchi. Mpira wa miguu mmoja akiumwa, anaingia mwingine. Hapa timu nyingi hazina akiba, na hata ikiwapo, wanne waliozoeana mikono hawabadilishwi kama betri. Mmoja asipokuja, watatu wanakaa chini. Na stanti hiyo ikiwa ni nguzo ya piramidi, timu nzima inasimama. Ukilishika hilo, masharti makali utakayoyakuta kwenye mkataba hayatakushangaza.

Hatua ya tatu: usiogope namba ya ngazi

Mzazi wetu akisikia mtoto kawekwa ngazi ya kwanza anadhani kafeli. Ngazi zipo saba, na kila moja ina sheria za nini kinaruhusiwa. Shirikisho la jimu hizi, USASF, lililoanzishwa mwaka 2003, ndilo linalozitunga. Kwa sarakasi, ngazi ya kwanza mtoto hapinduki bila mikono kugusa chini. Ya pili anajitupa kinyumenyume akitua kwa mikono kisha miguu. Ya tatu anakimbia na kupinduka hewani. Ya nne anapinduka hewani kutoka amesimama. Ya tano anaongeza kuzungusha mwili mara moja akiwa juu, ya sita mara mbili. Ya saba ni ya wakubwa kabisa, na wengi wetu tutaishia kuitazama kwenye skrini.

Umri nao una makundi yake: Tiny, hao ni vitoto vidogo kabisa, kisha Mini, Youth, Junior na Senior. Mipaka ya umri hurekebishwa, hivyo angalia jedwali la msimu husika la USASF na usitegemee alichoambiwa jirani miaka miwili iliyopita. Timu inaweza kuwa na watoto watano na inaweza kufika thelathini na wanane.

Kwenye majaribio ya mwezi wa tano, jimu nyingi hazimfukuzi mtoto. Wanampima na kumtafutia timu. Kosa kubwa la wazazi hapa ni kusukuma mtoto apande ngazi. Majaji wanapima mambo mawili, ugumu na usafi, halafu wanakata alama kwa kila anguko. Mtoto anayeweza kile kitu mara mbili kati ya tano sebuleni kwako hajakiweza. Timu ya ngazi ya pili inayofanya mambo yake kwa usafi ina furaha kuliko ya tatu inayodondoka kila Jumamosi, na ukitaka ushahidi, subiri uzisikie zote mbili zikirudi kwenye mabasi.

Utasikia watu wakisema "hiti ziro". Maana yake wamemaliza bila kukatwa hata alama moja. Wazazi wakiruka ovyo na kukumbatiana, mara nyingi ni hilo, wala si ushindi.

Hatua ya nne: soma karatasi ya pesa ukiwa umekaa

Sitakutajia jumla kwa sababu jimu na jimu, lakini kwa mwaka ni maelfu ya dola. Ada ya kila mwezi ndiyo unayoiona, na ndiyo inayodanganya. Nyuma yake kuna sare, begi na tisheti za mazoezi, viatu, mtunzi wa onyesho, muziki, uanachama wa USASF, kiingilio cha kila mashindano, nauli na hoteli ya makocha. Halafu wewe mwenyewe unalipa mlangoni kwenda kumtazama mwanao. Hilo la mwisho lilinichukua mwaka mzima kulizoea.

Kabla ya kusaini, omba ratiba ya malipo yenye tarehe, mwezi kwa mwezi. Uliza ukitoka katikati ya msimu unadaiwa nini. Jimu nyingi hudai malipo hadi mwisho, na ukikumbuka habari ya stanti utaelewa kwa nini. Uliza pia sare ni mpya au ni ya mwaka jana inayoendelea. Kingereza cha mkataba kikikushinda, mtafute mtu akusomee, usisaini kwa aibu.

Mashindano ya kulala nje ya mji mara nyingi yanakulazimisha kukata hoteli kupitia kwa waandaaji. Usijaribu ujanja wa kulala kwa shemeji bila kuuliza, maana timu inaweza kuadhibiwa. Wazazi wamelalamikia gharama hizi hadi mahakamani: mwaka 2024 kampuni kubwa ya biashara hii, Varsity, na wenzake walioshtakiwa nayo walikubali kulipa dola milioni 82.5 kumaliza kesi mjini Memphis, bila kukiri kosa. Kwa hiyo ukihisi bei zimekuelemea, hauko peke yako.

Kuhusu michango: sisi tumezoea kikoba, kila mtu na daftari lake. Hapa kuwa mwangalifu. Chama cha wazazi kilichosamehewa kodi hakitakiwi kumwekea kila mtoto hesabu yake, kwamba aliyeuza zaidi ndiye anapunguziwa ada. Mahakama ya kodi ilikwishaamua hivyo mwaka 2013 kwa chama cha wazazi wa jimnastiki. Pesa ya pamoja ni ya wote. Lakini wewe na marafiki zako kuchangishana nyumbani kwenu ni jambo lenu. Mimi nauza sambusa. Wazazi wa jimuni kwetu wakiona dishi langu lenye kifuniko cha bluu wanasimama foleni kabla sijashuka kwenye gari, na sambusa zimelipa viatu vya misimu miwili.

Hatua ya tano: kalenda kwanza, harusi baadaye

Hapa ndipo familia zetu zinapoumia zaidi kuliko kwenye pesa.

Mwaka unakwenda hivi. Mei ni majaribio. Juni na Julai wanajenga sarakasi na nguvu. Agosti, au karibu na hapo, anakuja mtunzi wa onyesho kwa siku mbili tatu, na siku hizo hazikosi mtu, kwa sababu ndipo kila mtoto anapopewa nafasi yake sakafuni. Vuli wanaonyesha kwa familia. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili ni mashindano, karibu kila wiki mbili. Mwishoni mwa Februari au karibu na Machi huja mashindano makubwa ya NCA hapa Dallas, wanakuja watoto kutoka kila pembe ya nchi na hoteli za mjini zinajaa ribini. Kisha zipo fainali za Orlando, Florida: Worlds mwisho wa Aprili kwa timu za ngazi za juu, na Summit mwezi wa Mei. Kwenda Orlando hakununuliwi. Timu inapata mwaliko kwenye mashindano ya msimu, na mwaliko wenyewe hasa ni wa aina mbili: uliolipiwa, na ule wa kujilipia. Wakitangaza mwaliko, subiri kusikia ni upi kabla ya kupiga vigelegele.

Mwaka wa pili shemeji yangu aliozesha Houston, Jumamosi ya Januari. Tulijua tangu Oktoba. Sikumwambia kocha, nilijisemea harusi ni harusi, nani ataniuliza. Tukaondoka Ijumaa. Jumamosi usiku, tuko katikati ya kumtunza bibi harusi, mama wa flaya wao akanitumia video bila maneno yoyote. Watoto watatu wamekaa pembeni ya mikeka, miguu wameikunja, wanawatazama wenzao. Mazoezi ya saa mbili na nusu, na mashindano yalikuwa wiki inayofuata. Hakunigombeza mtu. Afadhali wangenigombeza.

Sasa kila Mei nachukua kalenda ya jimu na kalenda yetu ya ukoo, naziweka mezani pamoja. Sendoff, harusi, Idi, safari ya nyumbani. Kocha akiambiwa miezi sita kabla hupanga. Akiambiwa Ijumaa hawezi kitu. Kwenda Tanzania, lenga wiki ambazo jimu imezitenga kwa likizo, na uliza kabla ya kukata tiketi. Ramadhani miaka hii inaangukia Februari na Machi, katikati ya mashindano, kwa hiyo kama mtoto anafunga, kaa na kocha mapema. Kwetu walikubali afanye sarakasi nyepesi kabla ya magharibi na stanti baada ya kufuturu. Mtoto mwenye kizunguzungu hapandishwi juu, wala hashiki mwenzake.

Msiba ni msiba. Sijakutana na kocha aliyeuliza swali juu ya msiba. Lakini piga simu, usinyamaze.

Hatua ya sita: maswali ya usalama, uliza bila haya

Sisi tumelelewa kutomhoji mwalimu. Hili liache uwanja wa ndege.

Uliza: kocha wa timu hii ana cheti cha kufundisha ngazi hii hasa? Wazazi wanaruhusiwa kutazama mazoezi, na kama si kila siku, basi lini? Mtu mzima yeyote anabaki peke yake na mtoto mmoja? Ujumbe wa simu unapitia kundi ambalo mzazi yumo, au kocha anamwandikia mtoto moja kwa moja? Jibu sahihi la hilo la mwisho unalijua. USASF na USA Cheer, shirikisho la taifa la mchezo huu, wana orodha ya watu waliozuiwa kufanya kazi kwenye mchezo huu, iko wazi mtandaoni, na kulitafuta jina la kocha hakukuchukui dakika tano. Jimu iliyonyooka haikasiriki ukiuliza.

Majeraha yapo. Vifundo vya mikono na miguu vinateguka, pua zinatoka damu kwa kiwiko cha flaya anayeshuka. Linalotisha ni kichwa. Mtoto akigongwa kichwa, kisha akalalamika kichwa kinauma, akatapika, akawa mzito kujibu au hakumbuki kilichotokea, siku hiyo harudi mikekani hata kama anasema yuko sawa, na harudi kabisa hadi daktari aseme. Watoto wa chia ni waongo hapo. Hawataki wenzao watatu wakae chini. Wewe ndiye unayetakiwa kusema hapana.

Na mwili wake usiwe mazungumzo ya watu. Kocha akianza kumpima flaya uzito au kumsifia kwa kukonda, ondoka. Mtoto anayefanya mazoezi saa sita hadi nane kwa wiki anahitaji ugali wake.

Hatua ya saba: sare, nywele, viatu

Sare nyingi ni fupi. Kama familia yenu inajisitiri, sema kabla ya siku ya vipimo, si siku sare inapofika. Nguo ya ndani ya kubana yenye rangi ya sare, mikono mirefu na suruali ya kubana, jimu nyingi wanajua pa kuipata wakiambiwa mapema.

Nywele zilikuwa vita yangu. Mtindo wa zamani ni mkia mrefu ulioinuliwa utosini, umejaa mawimbi na spreyi, juu yake ribini kubwa kama kipepeo. Nywele zetu hazikuumbwa kwa kuchomwa kila Jumamosi kuanzia Novemba. Sasa namsuka misuko midogo mwanzo wa msimu, inavutwa nyuma kuwa mkia, ribini inakaa vizuri kabisa. Nilimwonyesha kocha picha kabla ya kusuka, akakubali. Shanga hapana, wala vibanio vya chuma: vinachana mikono ya mabesi. Kucha ndefu na hereni pia nje.

Viatu vyeupe ni vya mikekani tu. Mtoto akivivaa kukanyaga lami ya maegesho, soli inaharibika na unanunua vingine.

Hatua ya nane: siku ya mashindano

Tunaamka saa kumi alfajiri. Sare ndani ya mfuko wake, viatu kwenye begi, ribini ndani ya kopo la plastiki lililowahi kuwa la siagi. Nawafungia mkate, ndizi, na maji mengi. Chai ya rangi kwenye chupa ni ya kwangu.

Muda ulioandikwa ni muda wa kufika ukiwa umevaa, nywele tayari. Ule mtindo wetu wa saa mbili kuwa saa tatu hapa hautambuliwi. Watoto wakishachukuliwa na kocha, hutawagusa tena. Wanapelekwa kupasha misuli: dakika chache kwenye mikeka ya stanti, dakika chache kwenye ukanda wa sarakasi, saa ukutani inahesabu kurudi nyuma, kisha pazia. Kule usiwafuate, na usipige picha.

Wewe sogea mbele. Mara nyingi kuna eneo karibu na jukwaa ambalo wazazi wa timu inayopanda ndio wanaokaa, na onyesho likiisha mnatoka kuwapisha wenzenu. Piga kelele zote ulizo nazo, vigelegele vinaruhusiwa na vyetu vinawashangaza. Sakafu ni ya springi, futi 54 kwa 42, na ukikaa mbele unasikia inavyolia wakitua wote kwa pamoja. Muziki ukianza hutakumbuka kitu. Dakika mbili na nusu zinapita kama unavyokata tikiti maji.

Stanti ikianguka, usishike kichwa. Mtoto anakutazama. Na hutakiwi kwenda kwenye meza ya majaji kwa sababu yoyote ile, wala kwa kocha siku hiyo. Subiri siku ya pili, hasira ikiwa imepoa, na hata hapo muulize habari za mwanao tu. Usimtaje mtoto wa mwenzio. Mara moja nilimsikia baba mmoja nyuma yangu akisema kwa sauti, "Yule wa kushoto ndiye aliyetuangusha." Mama wa wa kushoto alikuwa viti viwili mbele yake.

Wakati wa zawadi watoto wanakaa sakafuni duara, mikono wameshikana, na matokeo yanatajwa kutoka wa mwisho kwenda wa kwanza. Timu yako isipotajwa haraka, hiyo ni habari njema.

Kwenye gari msichambue. Watakuwa wamelala kabla ya barabara kuu. Ukifika nyumbani, lile pambo la kumetameta machoni halitoki kwa maji na sabuni, litamchubua tu. Chukua mafuta ya nazi, pamba, anzia pembe ya nje ya jicho ukivuta kuelekea sikioni, taratibu. Spreyi kwenye kingo za nywele nayo hulainika kwa mafuta hayohayo. Viatu vifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, viachwe wazi vipate hewa, kwa sababu Jumatatu jioni mazoezi yapo.